"Mlisema haitafika mbili"

Mzee mmoja wa kitongoji kilicho jirani na machimbo ya chokaa, nje kidogo ya jiji la Tanga, alinisubiri mpaka nikamaliza kukunja waya za jiofoni, kifaa cha kupimia mtetemo wa ardhi baruti inapolipuka. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, juzi mlitwambia mtetemo hautafika mbili. Hiyo mashine yako imesoma ngapi?"

Ilikuwa imesoma milimita 3.6 kwa sekunde. Nikamwonyesha kioo chenyewe. Akanizungusha nyuma ya nyumba yake ya fito na udongo, akanionyesha ufa uliopigwa alama ya mkaa pale unapoishia, ili ajue kama unaendelea.

Hesabu yetu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika namna tulivyoisema.

Kanuni tunayotumia ni fupi. Unachukua umbali kwa mita, unaugawa kwa kipeuo cha pili cha kilo za baruti zinazolipuka kwa mpigo mmoja, kisha jibu unalipandisha kwenye kipeo hasi na kulizidisha kwa namba ya mwamba wa mahali hapo. Pasipo na vipimo vya eneo husika, wengi huanza na namba za kiwango cha Australia: 1140, na kipeo cha -1.6. Kwa kilo 50 kwa mpigo na nyumba iliyo mita 400, inatoka 1.8. Ndiyo ile "haitafika mbili" ya mzee.

Lakini 1.8 ni mstari wa kati. Nusu ya milipuko itakuwa chini yake na nusu itaupita. Kiwango hichohicho kinasema wazi kwamba mtetemo halisi unaweza kuwa sehemu mbili kwa tano ya makadirio, au mara nne yake. Yaani kati ya 0.7 na 7.2. Anayekwenda kwenye mkutano wa kijiji na 1.8 peke yake amewaachia wanakijiji bahati ya shilingi iliyorushwa juu.

Mtawanyiko huo unatoka wapi? Kwanza ardhini. Chokaa ya Tanga ni ileile iliyoliwa na maji mpaka yakapatikana Mapango ya Amboni. Ndani yake kuna mianya na mifuko ya udongo, na wimbi linalokwenda mashariki halikutani na njia sawa na linalokwenda magharibi. Pili ni fataki, yaani viwashio vya baruti. Zile zinazochelewesha kwa kuunguza kemikali haziwaki kwa wakati ulioandikwa juu yake hasa. Mashimo mawili yakilipuka kwa wakati mmoja, kilo 50 zinakuwa 100, na kwa kipeo hicho mtetemo unapanda mara 1.7. Tatu ni sisi wenyewe. Jiofoni iliyowekwa juu ya majani inacheza. Lazima uondoe majani, uzamishe miiba yake kwenye udongo mgumu, na uibane kwa mfuko wa mchanga.

Kuna jambo moja ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mashine huwa tunaitegesha ianze kurekodi mtetemo ukifika, tuseme, 0.5. Mlipuko usiofika hapo hauachi kumbukumbu, na mtu anaandika "haikurekodi" na kuendelea na kazi. Kumbe kimya hicho nacho ni kipimo! Ukikitupa, upande wa mbali wa grafu ya mtetemo na umbali unabaki na milipuko mikali tu. Mstari unalala kuliko inavyostahili, na mtawanyiko unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Siku hizi kila "haikurekodi" naiandika daftarini pamoja na umbali na kilo zake.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Mtetemo hutawanyika kwa kuzidishana, si kwa kujumlishana, kwa hiyo tunafanya kazi kwenye logi, yaani logarithimu. Chukua mtawanyiko wa 0.2 kwenye logi ya kumi. Nikitaka kiwango ambacho mlipuko mmoja tu kati ya 20 ndio utakaokipita, na nina kumbukumbu 5 tu, inabidi nizidishe mstari wa kati kwa 3.3. Nikiwa na 10, nazidisha kwa 2.46. Nikiwa na 30, kwa 2.2. Haishuki sana baada ya hapo, kwa sababu ujinga wangu unapungua lakini mwamba unabaki vilevile. Na hayo ni kwa umbali ulio katikati ya vipimo vyangu. Nje yake, pengo linapanuka tena.

Je, inabadilisha chochote? Inabadilisha uamuzi wenyewe. Kiwango cha Ujerumani, DIN 4150-3, kinaweka kikomo cha milimita 5 kwa sekunde kwa nyumba za kawaida na 3 kwa majengo dhaifu, mtetemo ukiwa chini ya hezi 10, yaani mizunguko 10 kwa sekunde. Hakikuandikwa kwa ajili ya fito na udongo, na mimi nyumba kama ya yule mzee naiweka kwenye 3. Kwa 1.8, kilo 50 zinaruhusiwa. Kwa kumbukumbu 10, kiwango changu cha juu ni 4.4, na kilo 50 hazifai. Inabidi zishuke hadi 31. Kumbukumbu zikifika 30, napata kilo 35. Kilo nne kwa kila mpigo ndizo nilizolipwa kwa kutega mashine mara 20 zaidi, na meneja wa machimbo anaielewa lugha hiyo haraka.

Tulirudi kitongojini kabla ya mlipuko uliofuata. Kila shimo tulikuwa tumeligawa sehemu mbili, kokoto katikati, kila sehemu na fataki yake na wakati wake, ili kilo za kila mpigo zipungue. Nikamwambia mzee: "Kati ya milipuko 20, tunatarajia 19 ibaki chini ya tatu. Mmoja unaweza kupita, na ukipita nitakuja kukuonyesha mwenyewe." Akafikiri kidogo, akaniuliza huo mmoja utakuwa wa ngapi. Nikamjibu kwamba hilo halijulikani mapema. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha mkaa, akapiga alama mpya kwenye ule ufa.