Kinondoni haikukimbiwa na watu

Kuna wanaolinganisha sensa mbili na kudai watu wameihama wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam: 1,775,049 mwaka 2012, kisha 982,328 mwaka 2022. Hesabu ni sahihi, maelezo siyo. Katikati hapo Kinondoni ilimegwa, ikazaliwa wilaya ya Ubungo, ikaondoka na Manzese, Sinza, Mabibo na Kimara. Mkazi wa Manzese hakufungasha hata sufuria. Alilala Kinondoni, akaamkia Ubungo. Ukizijumlisha wilaya hizo mbili mwaka 2022 unapata 2,069,240, yaani watu wameongezeka. Temeke nayo (yenyewe haisemwi sana) ilimegwa, ikazaliwa wilaya ya Kigamboni. Na kwa wanaobishana vijiweni: wilaya yenye watu wengi zaidi Dar kwa sensa ya 2022 ni Ilala, 1,649,912.