Kusoma pakeji si kujua kompyuta

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, yakitoka tu, mabango yanajaa mitaani: njoo usome kompyuta. Ukiingia ndani, kompyuta yenyewe ni pakeji, yaani programu za ofisini: Word, Excel, PowerPoint na, muda ukiruhusu, Publisher. Hata shuleni, mwalimu akiulizwa kama wanafunzi wake wanajua kompyuta, anajibu: "Ndiyo, tumemaliza Excel."

Kwa ufupi, stadi za kompyuta ni kuelewa jinsi mashine inavyohifadhi, kupanga na kuchakata taarifa. Kujua programu ni kujua kitufe kipi kiko wapi.

Mpe mhitimu wa pakeji bajeti ya harusi aiandae katika Excel. Ataandika bei, atapaka rangi seli, vile visanduku vya jedwali, mistari itanyooka. Kisha atatoa simu, ajumlishe kwa kikokotoo na kuandika jibu pale chini. Bei ya mahema ikipanda, jumla haishtuki. Excel amefundishwa, ila hakuna aliyemwambia kwamba seli inaweza kubeba hesabu badala ya jibu. Angelijua hilo, programu nyingine za majedwali kama LibreOffice Calc au Google Sheets zisingempa taabu, maana huko nako fomula huanza na alama ya =. Muulize faili liko wapi: "Liko kwa Word." Word haihifadhi kitu, jamani. Faili liko kwenye folda, na folda iko kwenye diski au kwenye seva ya mtu mwingine, jambo ambalo lina uzito wake siku laptopu ikiibiwa.

Programu nazo hazikai. Kuna watu wazima waliosomea WordPerfect na Lotus 1-2-3, zilizotamba kabla ya Word na Excel. Kisha Office ya 2007 ikaondoa menyu za zamani, ikaleta utepe wa vitufe, na waliokariri njia wakapotea. Uingereza, baada ya malalamiko kama haya haya, ilibadilisha somo la ICT, lililoegemea kutumia programu, kuwa Computing, linalofundisha pia jinsi kompyuta inavyofanya kazi, mwaka 2014.

Sisemi Word iondolewe. Mtu hujifunzia kwenye kitu fulani, na waajiri wanaiuliza. Ila mtihani usiishie kwa "taja hatua za kuchapisha waraka." Mpe mwanafunzi faili lile lile katika programu ambayo hajawahi kuiona, umwache ahangaike kidogo. Na aliyemaliza pakeji aandike kwenye wasifu wake kwamba amesomea Word na Excel. Ni kweli, na haina aibu.