Lotasi adimu za mahekalu ya Wabudha: dhana potofu na ukweli

Dhana: Lotasi ni yungiyungi tu.

Kosa hili linasameheka, maana yote mawili hushika tope na kuchanua majini. Tazama jani. La yungiyungi lina mpasuko upande mmoja na hulala juu ya maji. La lotasi ni duara zima, bua lake limeshikilia katikati, na huinuka juu ya maji. Wataalamu wa mimea walipolinganisha vinasaba walikuta kwamba ndugu wa karibu wa lotasi ni miti ya nchi kavu, na mmakadamia unaolimwa Kenya umo katika ukoo huo. Yungiyungi liko mbali kabisa.

Dhana: Kuna lotasi adimu ya buluu.

Haipo. Lotasi ya Asia huwa nyeupe au ya waridi, hafifu au iliyokolea. Ya Amerika ni ya njano. Ua la buluu linalotajwa katika maandiko ya Kibudha ni yungiyungi. Sri Lanka wanaliita nil manel, na waumini huliweka mbele ya sanamu ya Budha hadi leo. Spishi hiyohiyo huota kwetu Afrika Mashariki, na aina yake mojawapo wanasayansi waliiita zanzibariensis. Basi ukiona mbegu za lotasi ya buluu zinauzwa mtandaoni, usitoe pesa yako.

Dhana: Kwamba mbegu ya kale iliota hekaluni ni hadithi za watawa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukweli wenyewe unanisisimua. Kaskazini mwa Japani, mjini Hiraizumi, kuna hekalu la Chūson-ji, na ndani yake jengo dogo lililofunikwa dhahabu ambamo miili ya mabwana wa ukoo wa Fujiwara ilihifadhiwa. Mwaka 1950 watafiti walifungua majeneza. Katika chombo chenye kichwa cha Fujiwara no Yasuhira, aliyeuawa mwaka 1189, walikuta mbegu za lotasi. Zilikabidhiwa kwa Ōga Ichirō, mtaalamu wa mimea, naye akafariki kabla hazijachanua. Wengine wakaendelea na kazi. Mwaka 1998 ua likafunguka, miaka mia nane na zaidi baada ya kuzikwa pamoja na kichwa cha mtu.

Siri ya mbegu kudumu hivyo iko kwenye ganda. Ni gumu na limeziba kiasi kwamba maji hayapenyi. Anayeotesha lotasi hulisugua kwa msasa au tupa kwanza, la sivyo mbegu hukaa majini bila dalili yoyote.

Huyo Ōga ndiye aliyeotesha pia mbegu moja kati ya tatu zilizochimbuliwa Chiba mwaka 1951. Ua lake lilichanua Julai 1952, na vizazi vyake vimesambazwa hadi kwenye mahekalu na bustani nyingi. Mara nyingi utasoma kwamba ni “ua la miaka 2,000”. Umri huo ulikisiwa kutokana na mbao za mtumbwi uliofukuliwa jirani. Mbegu zenyewe hazikupimwa. Kipimo cha moja kwa moja kilikuja baadaye: mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitangaza mbegu iliyoota, kutoka kaskazini mashariki mwa China, yenye umri wa takriban miaka 1,300. Na ua lenyewe, la kale au la jana, huishi siku nne hivi kisha petali zikadondoka.

Dhana: Lotasi ya petali elfu unaweza kuipanda kwa mbegu.

Haina mbegu hata moja. Viungo vyake vya uzazi vimegeuka petali, na ua moja laweza kuwa na petali 2,000 hadi 5,000. Huzaliana kwa kugawa shina linalolala topeni, mfano wa tangawizi, kwa hiyo wasipokuwepo watu wa kuligawa na kulilinda, ukoo wote hufa. Moriyama, Japani, bwawa lao lilikaa zaidi ya nusu karne bila ua. Lilichanua tena mwaka 1963, kwa miche iliyotoka hekalu la Jimyōin, Kanazawa.

Dhana: Ua la udumbara huchanua juu ya sanamu za Budha kila baada ya miaka 3,000.

Vile vijiti vyeupe, vyembamba kama uzi, vinavyoonekana kwenye sanamu huko Korea na kudhaniwa kuwa ua hilo, ni mayai ya mdudu mdogo wa kijani mwenye mabawa kama wavu. Udumbara halisi ni mti wa Asia, ndugu wa mkuyu wetu. Watu walisema ua lake halionekani kwa sababu limefichwa ndani ya tunda. Pasua kuyu moja changa ulitazame kwa karibu: maua yamejaa humo, madogomadogo, kwa mamia.