Kaliba ya bunduki ya kuwindia: maana yake nini hasa?

Watangazaji wa mpira wametuzoesha kusikia "mchezaji wa kaliba yake", wakimaanisha hadhi au uwezo. Ingia dukani kwa muuza silaha na maana hiyo kichwani, utatoka na bunduki isiyokufaa. Huko kaliba ni upana wa tundu la mtutu, basi. Bunduki ina nguvu kiasi gani, hilo ni suala jingine kabisa.

Hata upana wenyewe una mizengwe. Ndani ya mtutu kumechongwa mifereji inayojisokota, ndiyo inayoizungusha risasi ili iende bila kuyumba. Katikati ya mifereji hubaki matuta. Sasa ukipima tundu kutoka tuta hadi tuta unapata namba moja, ukipima kutoka mfereji hadi mfereji unapata nyingine, na kila aliyebuni risasi alichagua iliyompendeza. Risasi ya .30-06, iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, ilipewa jina kwa kipimo cha matuta, inchi 0.30, yaani milimita 7.62, hiyo 06 ni mwaka tu. Ya .308 Winchester, iliyotoka 1952, ikaitwa kwa kipimo cha mifereji. Ukivichomoa vichwa vya risasi hizo mbili, yaani vipande vinavyoruka, ukavipima, vyote vina milimita 7.82. Kinachozitofautisha ni ganda: la kwanza lina urefu wa milimita 63, la pili 51. Wazungu wa bara Ulaya angalau huandika yote mawili: 6.5x55 maana yake kaliba ya milimita 6.5, ganda la milimita 55.

Ganda ndilo linalobeba baruti, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Chukua 7.62 tunayoisikia kila mara kwenye taarifa za polisi, ile ya SMG (AK-47). Kipimo chake cha matuta ni kilekile cha .308, lakini ganda lake lina milimita 39 tu na kichwa cha gramu 8 hivi. Risasi inatoka mtutuni na jouli (kipimo cha nguvu) kama 2,000. Ile ya .308 yenye gramu 11.7 hutoka na zaidi ya 3,500. Mfano ulio wazi zaidi ni .22 ya kupigia sungura na .223 Remington. Vichwa vinakaribia kulingana kwa unene, ila cha kwanza kina jouli 140 hivi na cha pili kinavuka 1,700. Siri ni kasi: ukiongeza uzito maradufu, nguvu inaongezeka maradufu, ukiongeza kasi maradufu, nguvu inakuwa mara nne.

Uswidi, ambako kuwinda älg (ndiye moose wa Kanada) ni shughuli ya kijiji kizima kila vuli, sheria imeliona hilo. Imeacha kaliba pembeni ikaweka madaraja ya risasi. Daraja la 1, linalotakiwa kwa älg ambaye dume lake hufika kilo 400 na zaidi, linataka kichwa cha gramu 9 kinachobaki na jouli 2,700 kikifika mita 100. Kikiwa na gramu 10 au zaidi, jouli 2,000 zinatosha. Paa mdogo wa Ulaya, ambaye hata akinona ni kilo 30, anaruhusiwa kupigwa kwa daraja la 2: gramu 3.2 na jouli 800. Na kwa älg risasi lazima iwe ya kupanuka mwilini, maana isiyopanuka hutoboa na kupita, mnyama akaenda kufia mbali.

Uskoti nako wanapima uzito wa kichwa, kasi na nguvu. England na Wales wameng'ang'ania kaliba: kwa kulungu wakubwa, isipungue .240, wakaongeza na kiwango cha nguvu. Kwangu mimi Waswidi ndio waliopatia, kwa sababu upana peke yake haujawahi kumwangusha mnyama.

Tazama wanavyoishi na 6.5x55 yao, risasi ya zamani ya jeshi, kongwe kuliko .30-06. Mtu anayependa bunduki za kaliba kubwa ataicheka. Ukiitia kichwa cha gramu 9.1, kwa kawaida haifiki zile jouli 2,700, kwa hiyo kwa älg haifai kisheria. Badilisha kichwa tu, weka cha gramu 10.1, bunduki ileile, mtutu uleule: inaingia daraja la 1 bila shida. Vizazi kwa vizazi wamejazia nyama majokofu kwa gramu hizo 10.1.

Upande wa pili iko 9.3x62, na hii ina undugu na kwetu. Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliitengeneza mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa makoloni ya Wajerumani Afrika, Tanganyika ikiwemo, waliohitaji bunduki ya bei nafuu ya kukabili wanyama wakubwa. Leo utaikuta kwenye misitu ya Skandinavia. Inaua älg, hakuna ubishi, ila teke lake begani si la mchezo.

Na teke ndilo wanunuzi wanalolisahau. Anayeiogopa bunduki yake hufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa, risasi ikapiga tumbo badala ya mapafu. Älg aliyepigwa mapafu yote mawili kwa risasi ya wastani huenda mbali kidogo na kuanguka. Aliyepigwa tumboni kwa magnamu, risasi yenye baruti nyingi, atatafutwa na mbwa usiku kucha. Waswidi hufanyia mtihani shabaha ya älg inayokimbia kwenye reli, mita 80 kutoka kwa mpigaji, na msituni umbali mara nyingi ni huohuo au pungufu. Anayetaka bunduki moja ya paa na älg, 6.5x55 au .308 inamtosha, na chenji inayobaki akanunulie risasi za mazoezi.

Ukishaijua kaliba, geuza boksi la risasi. Yale ya Ulaya mengi yana jedwali dogo: uzito wa kichwa kwa gramu, V0 ni kasi mdomoni mwa mtutu, E100 ni jouli zilizobaki mita 100. Kisha linganisha jina zima lililogongwa mtutuni na lililo kwenye kitako cha ganda, mpaka herufi ya mwisho. Kufanana kwa kaliba hakutoshi. Risasi yenye ganda lisilo lake inaweza kupasukia usoni.