Mshikamano wa Wauguzi Duniani: Dhana Potofu na Ukweli

Wapo wanaodhani kwamba mshikamano wa wauguzi duniani ni suala la misaada tu: nchi tajiri hutoa, nchi maskini hupokea. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, hata hivyo, ni shirikisho la vyama vya kitaifa zaidi ya 130, na mojawapo ya kazi zake bora, kwa maoni yangu, ilitokana na shida za wauguzi wenyewe. UKIMWI ulipopamba moto kusini mwa Afrika, muuguzi aliyetaka kupimwa alilazimika kupanga foleni pamoja na wagonjwa aliowahudumia jana yake, akingoja kuitwa na mwenzake wa zamu. Waliosita kufanya hivyo walichelewa kupata matibabu. Mwaka 2006 chama cha wauguzi cha Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini, kikishirikiana na Baraza hilo, kilifungua kituo cha kuwahudumia wahudumu wa afya na familia zao, na nchi nyingine za Afrika zikafuata.

Kuhusu imani kwamba ushirikiano huu ni zao la intaneti, itoshe kusema kwamba Baraza lilianzishwa mwaka 1899.

Dhana inayoumiza zaidi ni ile inayomwona muuguzi anayekwenda kufanya kazi ng'ambo kuwa amewasaliti wenzake. Ni kweli kwamba pengo ni kubwa: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilikadiria upungufu wa wauguzi milioni 5.9, sehemu kubwa mno ya upungufu huo ikiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini. Lakini kanuni za shirika hilo kuhusu uajiri wa kimataifa, zilizopitishwa mwaka 2010, hazimnyimi mtu haki ya kuhama. Zinazielekea nchi zinazoajiri, zikizitaka zisiende kusaka wauguzi katika nchi zenye uhaba mkubwa, na ziwape wageni haki sawa na wenyeji. Kwa kuwa kanuni hizo ni za hiari, utekelezaji wake unategemea sana vyama vya wauguzi vya pande zote mbili: cha nyumbani kumsaidia mwanachama kuusoma mkataba kabla hajautia saini, hasa kifungu kinachomdai fedha akiacha kazi mapema, na cha ugenini kumpokea, kumtetea mshahara wake na kudai kifungu hicho kiondolewe.