Nguo za safari ndefu ya pikipiki: wanavyosema na ilivyo

Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kwa pikipiki zipange siku mbili. Njia hiyo huumbua begi lililopangwa ovyo: asubuhi unatoka jasho Kibaha, mchana unaungua Ruaha Mbuyuni, jioni unatetemeka Iringa.

"Safari ndefu, nguo nyingi." Hapa ndipo wengi wanapoponzeka. Begi la wiki tatu ni lile lile la siku tatu: unafua usiku gesti, unavaa asubuhi. Fulana mbili, suruali mbili, soksi na chupi tatu tatu, basi. Nguo yenye kazi moja ibaki kabatini. Suruali nyepesi ya mifuko unaendeshea na unaingia nayo mgahawani. Taiti inavaliwa ndani kwenye baridi, na usiku unalalia. Kikoi ndicho mfalme: taulo, kitambaa cha shingoni, pazia la kubadilishia nguo kando ya barabara, na shuka pale shuka la gesti linapotia shaka.

"Jinzi ndiyo nguo ya pikipiki." Nami niliamini hivyo mpaka mvua iliponikuta Kitonga. Niliikamua, nikaianika kwenye kiti dirishani. Asubuhi kiunoni na kwenye mishono bado mbichi. Nikaivaa hivyo hivyo hadi Makambako, na upepo wa Makambako wanaoujua wanaujua. Isitoshe, ukianguka ukaburuzwa kwenye lami, jinzi ya kawaida huchanika mara moja. Zinazokinga ni zile zilizoshonewa waendeshaji, zenye bitana ya nyuzi ngumu na pedi magotini.

"Fulana ya pamba haina mpinzani." Pwani, sawa. Lakini pamba hunywa jasho na kulishika, na ukianza kupanda milima jasho hilo linageuka maji baridi mgongoni. Jezi ya mpira hukauka upesi, na mitumbani haikufilisi. Inanuka haraka, kweli. Ndiyo maana tumesema unafua.

"Koti moja zito linamaliza baridi." Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kama nyuzi 6 hivi. Sasa ongeza upepo wa mwendo wako mwenyewe. Koti zito utaiva nalo Mikumi, na ukilivua linameza begi zima. Panga nguo juu ya nguo: jezi, sweta jembamba la sufu, halafu koti la mvua juu kabisa hata kama kumekauka, kwa sababu mwizi wa joto ni upepo. Bodaboda wanaovaa koti kinyumenyume walishalijua hili zamani: zipu mgongoni, kifuani hakuna mwanya. Livae chini ya mlima, usingoje meno yagongane.

"Kwenye joto, vaa kidogo." Jua linachoma, na upepo unakausha jasho kabla hujalihisi, hivyo maji yanakuishia huku ukidhani uko salama. Mikono mirefu, myepesi, na glovu.

Buti ziwe miguuni, kandambili zichomeke ubavuni mwa begi. Raba za kutembelea mjini ziache nyumbani. Mbeya hakuna atakayekuangalia miguu.