Risasi ya rivolva kwa mnyama mkubwa: mimi natazama pua kwanza

Risasi hiyo niliitoa kwa ncha ya kisu begani mwa nguruwe pori dume, huku Texas ninakowinda. Ilikuwa risasi nyepesi ya .44 Magnum, kaliba ya rivolva yenye nguvu, na ilikuwa na tundu puani. Ilikuwa imechanuka, ganda lake la shaba limejikunja nyuma kama ua la mlangilangi, na imeishia kwenye ngao, ile ngozi nene, ngumu kama gegedu, inayofunika mabega ya dume. Mapafu haikuyagusa. Nilimfuatilia kwa muda wa saa mbili vichakani hadi nikammaliza, na yale mateso yake bado yananiuma.

Bunduki ya .30-06 hurusha risasi kwa zaidi ya mita 800 kwa sekunde, na mwendo huo hupasua hata nyama iliyo kando ya njia yake. Rivolva ya .44 Magnum, kwa risasi ya greini 240, yaani gramu 15 na nusu, hufikia mita 400 hivi. Hapo nyama hutanuka kisha ikajirudia; kinachoua ni tundu lenyewe. Basi lazima lipenye mapafu yote mawili, na nafurahi zaidi likitokea upande wa pili, kwa sababu damu hudondoka pande mbili na nyayo hazinipotei. Takwimu za nishati zilizochapwa kwenye boksi hazikwambii lolote kuhusu hilo.

Kwa nguruwe mkubwa au elki, yule kulungu mkubwa wa Amerika, nachukua greini 300, risasi ngumu ya madini ya risasi yaliyochanganywa na bati na antimoni, pua yake pana na bapa. Pua bapa hukata njia iliyonyooka, na haichanuki ikakwama. Elmer Keith wa Idaho, mwindaji na mwandishi wa mambo ya silaha, alipigania risasi nzito zenye pua bapa miaka mingi kabla .44 Magnum haijaingia sokoni mwaka 1956, na kwa hili namuunga mkono kabisa. Kwa swala mdogo wa mkia mweupe, mwenye kifua chembamba, greini 240 laini inatosha sana.

Kuna kaliba za rivolva zenye nguvu zaidi: .454 Casull, na tangu 2003 kuna .500 S&W Magnum. Zina nguvu kweli, ila ukianza kufumba macho kabla ya kufyatua, nguvu hiyo inapotea bure. Mimi sifyatui kupita mita 50, na siku zote mikono nimeiegemeza.

Jambo moja linasahaulika mno. Teke la rivolva huvuta risasi nzito zilizobaki kwenye silinda, zikachomoza taratibu kutoka kwenye maganda yake. Ikichomoza vya kutosha, silinda inagoma kuzunguka, na mnyama aliyejeruhiwa yuko mbele yako. Kila ninapofungua boksi jipya, naipima urefu risasi moja kwa kalipa, kile kipimio cha vipimo vidogo, naiweka tundu la mwisho, nafyatua tano, kisha naitoa na kuipima tena. Ikiwa imerefuka hata kidogo, boksi zima linabaki uwanja wa shabaha.